SIGARA BAADA YA FUTARI: PIGA SIMU KWANZA

(Maneno yaliyozungumzwa mbele ya vijana na wazazi wa Musanda baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu, mama zetu na nyinyi vijana, leo nataka tuzungumze juu ya dakika kumi tu za siku. Si za mchana. Mchana mvutaji sigara anatushinda wengi wetu kwa subira. Moshi unafunguza, naye anajua, basi tangu alfajiri hadi magharibi, saa 13 na zaidi, hagusi kitu. Mimi nasema zile dakika za baada ya adhana. Tende moja, maji kidogo, uji haujapoa, na baba ameshazunguka nyuma ya nyumba. Watoto wanajua ameenda wapi. Hakuna anayesema.

Mtu kama huyu tunapenda kumwita dhaifu wa imani. Hapo mimi sikubaliani. Ndani ya tumbaku mna nikotini, na ukivuta inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Mwili ukishaizoea unaidai kama mwenye deni. Ukiikosa unakuwa mkali, kichwa kinauma, usingizi unakimbia. Siku tatu za kwanza huwa ngumu kuliko zote, halafu mambo yanalegea wiki baada ya wiki. Sasa tazameni hesabu ya mzee wetu. Kila siku anapita ile taabu ya mwanzo, na kila magharibi sigara moja inamrudisha alikotoka. Bei ya kuacha anailipa mara thelathini, na bidhaa anaiacha dukani!

Anachokosa ni mtu wa kusema naye saa ile. Aseme na nani? Imamu anamwonea haya. Kwa mke mazungumzo yanageuka ugomvi. Na hapa Musanda, ukiingia zahanati kuuliza habari za sigara, kabla hujafika kwa boda boda habari zimeshakutangulia.

Ndiyo maana nasema juu ya simu. Iko nambari 1192, ya NACADA, ile mamlaka ya serikali inayoshughulika na pombe na dawa za kulevya. Kupiga ni bure, usiku na mchana, hata kama huna kredo. Wengi wanadhani ni ya walevi na wavuta bangi peke yao. La, tumbaku pia ni uraibu, na ugoro ni tumbaku vilevile. Sikizeni, tangu 2007 tunaiamini simu kwa pesa zetu za M-Pesa, mpaka karo ya watoto. Kuiamini kwa siri ya sigara kuna ugumu gani?

Ushauri wa namna hii si jambo la jana. Jimbo la California kule Marekani lilianzisha simu yake ya wavutaji mwaka 1992. Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio zaidi ya 100 ya ushauri wa simu. Waligundua kwamba katika watu 100 wanaopiga simu hizo, wanaoacha kwa msaada mdogo ni kama 7, na wakipigiwa tena na tena na mshauri wanafika kama 10. Kijana mmoja atasema, ati watatu tu? Ndiyo, watatu. Haya, taja wewe wanaume 100 wa hapa wanaovuta, halafu uniambie ni akina baba gani watatu usiojali wakibaki hai.

Fahamuni basi: kinachosaidia zaidi ni kurudia. Kupiga mara moja hakutoshi. Mwulize mshauri kama anaweza kukupigia tena, na kama haiwezekani, piga wewe mwenyewe. Atakuuliza mambo ya kawaida: unavuta ngapi kwa siku, ya kwanza unaivuta muda gani baada ya kuamka, uko na nani unapovuta. Mjibu kweli, hakuoni. Kisha mtapanga siku ya kuacha, na mtapanga utafanya nini hamu ikija. Hamu yenyewe ni dakika chache, ikikosa sigara inaondoka. Mswaki, maji, kutembea mapema kwenda tarawehe, yote hayo yanapitisha dakika.

Jambo lingine ni sigara moja moja. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10, na inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Lakini nani hapa hajaona sigara moja ikiuzwa kwenye kioski, tena kwa mtoto aliyetumwa na babake? Wazazi, msiwatume. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta wanaume 19 katika kila 100 wa Kenya wanatumia tumbaku, na wanawake kama wanne na nusu. Mtoto anayetumwa leo ndiye mnunuzi wa kesho.

Mama zetu, akianza kuacha atakuwa na hasira. Mvumilieni wiki mbili hizi. Akianguka na kuvuta moja, msimtangaze. Wengi huacha mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa.

Siku ninayoiogopa zaidi ni Idd yenyewe. Wageni wamejaa, pilau imeliwa, na rafiki wa zamani anatoa pakiti. Zungumza na mshauri juu ya siku hiyo mapema, kumi la mwisho likiingia, ujue utamjibu nini. Halafu piga tena wiki ya kwanza ya Shawwal, wakati hakuna saumu ya kukushika mchana.

Na nyinyi vijana, wako wazee wasioona vizuri nambari kwenye simu. Baada ya futari mbonyezee 1192, mpe simu yake, kisha toka nje umwache azungumze.