Nani Amwambiaye Mpiga Kura?

Mwaka 1940 watu wa Marekani walikuwa wakichagua Rais, ama Roosevelt ama Willkie. Mtaalamu Paul Lazarsfeld na wenzake wakawauliza watu 600 wa wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, kila mwezi tangu Mei hata Novemba. Wengi walidhani redio na magazeti yatageuza nia zao. Sivyo! Waliosikiliza sana ndio waliokwisha kata shauri, wakitafuta maneno ya upande wao. Waliositasita walisoma kidogo, wakayapokea maneno kinywani mwa jirani aliyesoma. Basi jirani huyo akiwa msomaji wa gazeti moja tu (nami nawajua wa namna hiyo), nyumba nyingi zitapiga kura kwa nusu ya habari, wala hazitajua.