Umaskini si Hesabu za Mezani

Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo wilayani Kinondoni, kinatuonyesha nyumba za asili za makabila yetu. Mtoto wa shule huingia ndani, akajionea, akatoka na elimu. Makumbusho mengine duniani humpa mgeni kazi ya kufanya mwenyewe, na yapo yanayotumia njia hiyo kufundisha habari za umaskini. Je, tukitaka nasi kufanya hivyo, tuanzie wapi?

Tuchukue mfano. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka kiwango cha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini ya hapo. Tuseme mgeni anapewa vibao vya thamani hiyo, agawe mwenyewe: chakula, kodi, maji, mkaa, nauli, dawa. Anakuna kichwa dakika 10, vinamtosha. Anaondoka akisema, "Kumbe inawezekana! Wenzetu hawa hawajui kupanga tu."

Hapo maonyesho yatakuwa yamefundisha dharau.

Ndiyo maana maonyesho ya aina hii yafaa kujaribiwa kwanza kwa makaratasi, kabla seremala hajalipwa. Mgeni asiulizwe kama amefurahi, kwani mwenye adabu atajibu kuwa amefurahi. Atazamwe anakwama wapi, kisha aulizwe mlangoni: kwa nini maskini hatoki katika umaskini? Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama maonyesho yanafaa.

Na wa kwanza kujaribu wasiwe wafadhili. Wawe mama lishe wa Tandika na mchukuzi wa mizigo wa Manzese. Hao wataliona kosa mara moja. Watasema fedha haziji kwa mkupuo mwanzo wa mwezi. Leo zipo, kesho hazipo. Kwa hiyo mafuta hununuliwa kwa kipimo na mkaa kwa kopo, na anayenunua kidogo kidogo mwishowe hulipa zaidi ya anayenunua gunia. Watasema wapo wenye nyumba wanaodai kodi ya miezi 6 mbele. Watasema mtoto haugui kwa ratiba.

Basi mchezo ubadilishwe. Mgeni apewe vibao siku kwa siku, siku nyingine akose, na bei ya kopo iandikwe kando ya bei ya gunia. Kisha ujaribiwe tena.

Jambo la mwisho: wanaojaribu walipwe nauli na ujira wa siku yao. Mama lishe akikosa kuwasha jiko siku moja, huenda kesho hana mtaji wa kununulia unga. Haitakuwa haki kujifunza umaskini kwa kumwongezea umaskini.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuwaulize wanaokilalia.