MPIGA GITAA ASITEGEMEE MFUKO MMOJA

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa tawi na mwanachama mwenzetu, fundi wa karakana ya reli. Yanachapishwa kwa maombi ya wanachama.)



Mimi si mtu wa hotuba. Elimu yangu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, ambako nilifundishwa kusoma, kuhesabu, na kuimba kwa do-re-mi. Mchana natengeneza breki za mabehewa. Jumamosi usiku napiga gitaa katika bendi ya watu watano. Bwana Katibu aliniomba niseme juu ya jambo hili kwa sababu katika tawi letu wako vijana wengi wapigao muziki, na kila mwaka hatukosi mmoja anayetaka kuacha kazi aishi kwa gitaa.

Sikuja kumkataza mtu. Nimekuja kusema kwamba mwanamuziki mwenye mfuko mmoja ni kama mtu mwenye shati moja: siku ya kulifua hubaki ndani.

Nianze na arusi, maana ndiyo shamba letu la kwanza. Zamani tulipiga arusi moja kwa Sh. 20,000/-. Mtu akisikia fedha hiyo hudhani sisi ni matajiri. Hebu tuhesabu. Kukodi vipaza sauti, Sh. 6,000/-. Gari la kwenda na kurudi, Sh. 3,000/-. Zinabaki Sh. 11,000/-, na sisi tuko watano. Kila mtu Sh. 2,200/-. Tena arusi si za kila wiki. Wakati wa Kwaresima na mwezi wa Ramadhani hupungua sana, na mwezi wa Januari kila mtu anatafuta karo, hakuna anayekumbuka dansi.

Basi tulikaa chini tukaona kwamba mwenye vipaza sauti alikuwa akipata karibu mara tatu ya fungu la mpigaji mmoja, na huku yeye amelala nyumbani. Tukakata shauri kuweka akiba kidogo kidogo mpaka tukafika Sh. 48,000/-, tukanunua vyombo vilivyotumika lakini vizima. Fedha hiyo ni kodi ya arusi nane tu! Tangu siku hiyo zile Sh. 6,000/- zinabaki kwetu. Na siku ambazo hatupigi, tunawakodisha watu wa kanisa, wa shule, na wa mikutano. Huo ukawa mfuko wa pili.

Mfuko wa tatu ni ujuzi wenyewe. Mmoja wetu hufundisha watoto gitaa kila Jumapili baada ya ibada. Mwingine anajua kutengeneza vipaza sauti vilivyokufa. Mimi huitwa studio kupiga gitaa katika nyimbo za watu wengine, nalipwa kwa saa. Si fedha nyingi, lakini huja hata katika miezi mikavu.

Sasa nafika kwenye mfuko wa nne, ambao ndio mkubwa, na ndio tulioupoteza. Mfuko huo ni wimbo wenyewe.

Ndugu zangu, malipo ya usiku mmoja na matunda ya wimbo ni vitu viwili mbalimbali. Ukipiga dansi, umelipwa kwa jasho la usiku ule, yamekwisha. Lakini wimbo ulioutunga ni mali, kama mwembe ulioupanda. Kwa sheria ya Kenya mali hiyo inalindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake watoto wako wanaweza kula matunda yake. Ukichezwa katika redio, katika hoteli, au katika matatu, panatakiwa malipo. Mtunzi ana fungu lake, waimbaji na wapigaji wana lao, na mwenye rekodi ana lake. Na mwaka 2022 Bunge liliandika katika sheria kwamba katika fedha ya miito ya simu, fungu la mwanamuziki lisipungue asilimia 52.

Mimi sikuyajua hayo mwaka 2016. Mwaka huo mpiga besi wetu alitunga wimbo mzuri, tukaurekodi. Akaja bwana mmoja na Sh. 15,000/- mkononi na karatasi ya kurasa tatu. Wenzangu waliniambia, "Wewe ndiwe msomaji, tusomee." Lakini mimi nilikuwa nawahi zamu ya usiku. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu, nikawaambia, "Ni sawa, tieni sahihi." Tukagawana Sh. 3,000/- kila mtu, tukafurahi.

Mwaka 2019 tukausikia wimbo ule katika tangazo la biashara. Tukaitafuta karatasi. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba tumeuza wimbo na rekodi yake kwa milele, pamoja na haki zote. Tulikwenda kwa mwanasheria. Alituambia kwamba sheria haikubali mtu kuuza haki ya wimbo wake kwa mdomo tu, ni lazima pawe na maandishi na sahihi ya mwenye haki. Sisi tulikuwa tumeyatoa yote mawili kwa mikono yetu wenyewe. Mwaka ule binti wa mpiga besi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na baba yake akauza besi. Wimbo wake ulikuwa ukisikika redioni wiki ile ile. Hakurudi tena katika bendi. Tunasalimiana vizuri, lakini hatupigi pamoja. Nasema haya mbele yenu kwa sababu kosa lile lilikuwa langu zaidi kuliko la wengine.

Tusidhani kwamba wimbo wa Kiswahili hauendi mbali. Fadhili William alirekodi "Malaika" mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauimba duniani kote, na mwaka 1981 Boney M. wa Ujerumani wakautoa tena. Fadhili alifariki mwaka 2001, na bado watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. "Helule Helule" wa Daudi Kabaka ulichukuliwa mwaka 1968 na kundi la Uingereza, The Tremeloes. Nao Them Mushrooms wa Pwani walikuwa wakiwapigia watalii katika mahoteli, ndipo mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana." Kazi ya hoteli iliwapa malipo ya siku, wimbo ulikwenda mahali ambapo wao wenyewe hawakufika. Kwa hiyo andika jina lako mapema, wakati wimbo bado ni mdogo na hakuna wa kuugombania.

Basi natoa mashauri manne.

Kwanza, kila bendi iwe na daftari. Siku wimbo unapotungwa, andikeni tarehe, nani ametunga maneno, nani sauti, na kila mtu atapata fungu gani. Wote watie sahihi.

Pili, pelekeni kazi yenu iandikishwe kwa Bodi ya Hakimiliki. Tena ulizeni huko ni vyama gani vina leseni ya kukusanya fedha za wanamuziki mwaka huo, kabla ya kujiunga na chama cho chote.

Tatu, asitie sahihi mtu aliye na haraka. Mwenye karatasi ya haki atakubali uilaze nyumbani siku tatu. Asiyekubali, mrudishie kalamu yake.

Nne, usiache mshahara kwa ajili ya mfuko mmoja. Ngoja mpaka mifuko mingine iwe imekulisha mwaka mzima, pamoja na Januari yake.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, naliomba tawi lichague watu wawili au watatu wa kusoma mikataba ya wanachama wapigao muziki kabla haijatiwa sahihi. Chama chetu hakimwachi mfanya kazi aende peke yake mbele ya mwajiri kuzungumza habari ya mshahara. Kwa nini tumwache aende peke yake na wimbo wake? Mimi nitakuwa wa kwanza kujitolea, na safari hii nitasoma mpaka ukurasa wa mwisho.