Damu Isafirishwayo kwa Njia ya Anga

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua aweza kufariki dunia katika muda wa saa chache tu. Nchini Rwanda, yenye milima mingi, gari lipelekalo damu katika hospitali ya mbali laweza kuchukua saa kadhaa. Tangu mwezi Oktoba mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani huruka kutoka Muhanga na kuidondosha damu kwa mwavuli, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Hospitali hazilazimiki tena kulimbikiza akiba kubwa iwezayo kuharibika. Hata hivyo, ndege hufupisha safari tu. Pasipo mtu aliyekubali kuichangia damu yake, haina cha kubeba.