Ebola ya Kivu Kaskazini: Kutunza Mwili, Akili na Roho

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ulidumu karibu miaka miwili. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walifariki.

Virusi vya Ebola humwambukiza mtu anapogusa damu, matapishi au kinyesi cha mgonjwa, au maiti yake. Kwa hiyo huwapata kwanza wenye kuuguza na kuzika: mama, dada, muuguzi, waosha maiti. Mwili hulindwa kwa kunawa, kuwahi kituoni homa inapoanza, na chanjo. Katika mlipuko huo walichanjwa watu zaidi ya 300,000. Aliyekwisha kuugua hupewa maji kwa wingi, ya kunywa au ya dripu, kwa kuwa kuhara na kutapika humkausha. Mwaka 2019, utafiti uliofanyika hukohuko Kongo ulionyesha dawa mbili zinazopunguza vifo. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya mji wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995.

Lakini dawa haimfai mgonjwa aliyefichwa, na wengi walifichwa kwa hofu. Ndugu aliingizwa kituoni, hakuonekana tena, kisha ukatolewa mfuko uliofungwa. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Ilikuwa na sababu. Ilipungua vilipoletwa vyumba vya plastiki angavu, ambamo mgonjwa aliweza kuonana na jamaa zake na kuzungumza nao bila kugusana. Katika miji ya Beni na Butembo, waliopona waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao wamelazwa. Miili ya waliopona ilikwisha kupata kinga, hivyo waliweza kuwapakata na kuwabembeleza.

Roho huumia zaidi mazishini. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mazishi salama na yenye heshima unairuhusu familia kumwita kiongozi wake wa dini, kusali kwa mbali kidogo, na kumwekea marehemu nguo zake jenezani. Maiti ya Mwislamu hutayamamishwa, yaani hutakaswa bila maji, badala ya kuoshwa. Wafiwa walipoona mambo hayo yamepuuzwa, hasira ilipanda, na baadhi ya timu za mazishi zilipigwa mawe. Mlipuko mwingine ukitokea, masheikh, mapadri, wachungaji na waliopona waitwe siku ileile wanayoitwa madaktari.