Kila Sikio na Kipimo Chake

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa mwaka, Chamazi)



Nimeombwa nizungumze kwa ufupi juu ya afya, nami nimechagua upimaji wa usikivu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, si daktari; nitasema yale tu ambayo mzazi na mwalimu wanaweza kuyatumia.

Wengi wetu tunadhani kipimo cha masikio ni kimoja. Mtu anavaa vipokea sauti, na kila asikiapo mlio anabonyeza kitufe. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinamtaka mtu aelewe maagizo na atulie. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi. Huyo hutazamwa kama anageuka sauti ikitokea upande mmoja, na akigeuka huonyeshwa mwanasesere anayewaka taa. Wa miaka 3 au 4 hupewa mchezo: kila asikiapo mlio, atumbukize kipande cha mti katika boksi. Mtoto mchanga hupimwa amelala, kwa mashine inayosoma jinsi neva zinavyoitikia sauti.

Watu wazima nao hawalingani. Seremala wa Keko anayeshinda na msumeno wa umeme apimwe baada ya kupumzika mbali na kelele, maana kelele hupunguza usikivu kwa muda. Mgonjwa anayechomwa sindano za jentamaisini kwa muda mrefu apimwe kabla ya kuanza na wakati akiendelea, kwa kuwa dawa hiyo yaweza kudhuru sikio la ndani, ikianzia na milio myembamba. Mzee asemaye, "Sauti naisikia, maneno siyashiki," apimwe kwa maneno, tena ya lugha aliyoizoea. Kumpima kwa Kiingereza ni kupima shule aliyosoma, si masikio yake.

Ndugu zangu, kipimo kisichomfaa mtu huzaa hukumu ya uongo. Anayesikia ataitwa kiziwi kwa sababu hakuelewa maagizo. Asiyesikia vizuri ataitwa mzito wa akili, na masomo yatampita. Nchi yetu imepiga hatua. Shule ya viziwi Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, ya Buguruni mwaka 1974, na mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio. Lakini hatua hizo hazimfai mtoto ambaye tatizo lake halikutambuliwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mzazi, muulize mtaalamu: kipimo hiki kinamfaa mwanangu kwa umri wake? Kama mtoto alilia au hakuelewa, omba kingine. Mwalimu, mwanafunzi asiyejibu akiitwa kwa nyuma, mshauri mzazi ampeleke hospitali kabla hujamwita mkaidi. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anayeuliza mara mbili. Mkaribisheni kiti cha mbele.