KUPIMA JOTO LA ARDHI, KIBO NA MAWENGI

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mkulima wa Mawengi, wilayani Ludewa katika Mkoa wa Njombe, akiambiwa kuwa ardhi imeganda hufikiria sakitu: ule weupe wa alfajiri za Juni na Julai unaounguza majani ya viazi, kisha ukatoweka jua likipanda. Wataalamu wana maana nyingine. Ardhi iliyoganda daima ni ile ambayo joto lake halikuzidi nyuzi sifuri kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Makao yake makuu ni Siberia, Alaska na Kanada. Lakini Tanzania nayo inayo, ndani ya kreta ya Kibo, juu ya Kilimanjaro.

Kenji Yoshikawa, Douglas Hardy na wenzao waliweka vipimajoto katika ardhi ya mlima huo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Kazi hiyo si nyepesi. Kibo ni volkano, na katika Kreta ya Reusch mvuke ungali ukitoka. Hivyo joto la chini huchanganyika na lile la angani, na kipimo cha mahali pamoja hakitoshi. Barafu ya mlimani ikipungua huonekana: kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 85. Ardhi ikiyeyuka haionekani. Shahidi wake ni kipimajoto tu.

Duniani kote, joto la ardhi hizo lilipanda kwa wastani wa nyuzi 0.29 kati ya 2007 na 2016. Mkono hauwezi kuhisi kiasi hicho. Kilijulikana kwa kuwa watu walirudi kwenye mashimo yale yale mwaka hata mwaka. Ardhi hizo zimehifadhi kaboni inayokaribia maradufu ya ile iliyomo angani. Ikitoka, joto litazidi na bahari itapanda, jambo ambalo mkaazi wa kisiwani hahitaji kuelezwa mara mbili.

Nyanda za Njombe hazina kreta, ila kupima ni kule kule. Vituo vya hali ya hewa hupima udongo kwa kina cha sentimita 5, 10, 20, 50 na 100. Kipimo cha juu husimulia usiku wa jana. Cha chini kabisa husimulia msimu mzima. Siku isiyosomwa haijazwi kwa kukisia. Nafasi yake daftarini huachwa wazi. Nasi tunaohusika na daftari hilo si watu wa Bara peke yao, kwani mbatata zinazouzwa Darajani, Unguja, nyingine hutoka nyanda hizo za kusini.